Sentensi Niliyoiruka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana tukiwa kazini, na dari ya Chumba cha Barua imeanza tena ugonjwa wake wa kila mwaka. Tumeweka ndoo mbili, moja karibu na kabati la majalada, ya pili pembeni mwa kiti cha Bwana Nukta, aliyekataa kuhama. Anasema meza yake ilikuwa hapo kabla ya vita na itakuwa hapo vita vikiisha. Nikamwambia, "Basi Mkubwa, angalau vua viatu." Hakucheka. Kazi yake ni kupanga maneno ya barua za Mzee, na anaweza kukaa saa nzima akiwaza nukta moja iende wapi. Jina hilo nilimpa mimi, na sidhani kama halijui.

Nimeanza daftari hili kwa sababu kutwa naandika maneno ya watu wengine. Mzee, yaani mkuu wetu wa nchi, anamwandikia mkuu wa nchi rafiki kuomba silaha. Bwana Nukta anapanga maneno, mimi nayatia katika lugha yao, Bibi Lakiri anafunga bahasha kwa nta nyekundu na kuigonga mhuri. Majibu yakija, mimi ndiye ninayeyatia katika lugha yetu. Tulikuwa wafasiri wawili. Mwenzangu alikwenda vitani mwaka jana, na kiti chake sasa tunawekea makoti.

Huyo rafiki kwenye barua anaitwa "Ndugu Mheshimiwa na Mshirika wetu wa Dhati". Chumbani tunamwita Mkwe. Haombwi kwa sauti ya juu, hajibu haraka, na akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili hata kikiwa pungufu.

Alhamisi, 6 Machi

Ndege inayobeba mkoba wa barua imeondoka. Huenda Alhamisi tu, na kurudi Alhamisi na majibu. Simu na nyaya zote adui anazisikiliza, kwa hiyo wakubwa hawa wawili wanaandikiana kwa wino kama wachumba. Barua ya leo ilikuwa kurasa tatu za heshima na mistari miwili ya shida.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu aliye vitani ameandika. Wako kilimani bado, mizinga sita, na kila mzinga umeruhusiwa makombora manne kwa siku. Adui ameshalijua hilo. Anangoja yaishe, ndipo asogee. Habari hiyo imechukua mstari mmoja. Ukurasa mzima uliobaki ni wa rafiki yake wanayemwita Kinyozi, anayenyoa kikosi kizima kwa wembe mmoja huku akisimulia uongo mtupu. "Mwambie Mama nimebaki na kichwa cha yai," ameandika.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Kisha akaniambia, "Sasa wewe si ndiye unayeandika na Mzee? Mwambie aombe vizuri."

"Mama, mimi siandiki na Mzee. Natafsiri tu."

"Ni yale yale."

Jumatatu, 10 Machi

Meli imetia nanga katika bandari ya jirani asiyepigana na mtu. Makombora yetu yamo ndani. Hayashushwi mpaka Mkwe mwenyewe atoe neno. Kutoka bandarini hadi kilimani malori huchukua siku tatu, na njia ni moja yenye daraja moja la mbao. Mhandisi wa barabara amemwambia Bwana Nukta kwamba daraja litastahimili mpaka mwisho wa Machi, Mungu akipenda. Baada ya hapo mto unajaa, na ukijaa hauna adabu.

Kwa hiyo hesabu ya mwezi huu ni rahisi hata kwa mtoto. Neno la Mkwe lije kabla mto haujajaa.

Jumanne, 11 Machi

Mzee anakwenda kuwatembelea askari wa upande wa magharibi, na Bwana Nukta pamoja naye. Watarudi Ijumaa. Kama ilivyo desturi ya chumba hiki Mzee akisafiri, tumeandaa barua mbili na zote ametia sahihi mapema. Moja ni ya ombi, ya pili ni ya shukrani. Sheria ya Bwana Nukta ni fupi: bandari ikipiga simu kusema makombora yamo kwenye malori yetu, inakwenda ya shukrani. Isipopiga, inakwenda ya ombi. Ile isiyokwenda inachomwa ndani ya kopo, na Bibi Lakiri anashuhudia majivu.

"Umeelewa?" aliniuliza akiwa mlangoni.

"Mkubwa, hii ni mara ya kumi na moja."

"Ndiyo maana nauliza."

Jumatano, 12 Machi

Bandari kimya.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Mama anamshukuru jirani kwa kumrudishia ngazi. Jirani alikuwa hajairudisha ngazi yetu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mama alimshika mkono getini, akamwambia, "Ahsante sana baba, umenisaidia kweli, paa linavuja na ngazi nimeipata." Jirani akabaki anameza mate. Kabla ya jua kuzama ngazi ilikuwa ukutani. Mama akaniambia, "Mtu mwenye haya usimwombe. Mshukuru kabla hajatoa, uone kama atarudi nyuma."

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya jambo, na ninaliandika huku nimechangamka.

Saa nne asubuhi bandari walipiga simu. Meli ipo, makombora yamo, neno la Mkwe hakuna. Bahasha mbili zilikuwa mbele yangu. Nilisoma tena ile ya ombi. Ilikuwa ya saba tangu mwaka huu uanze, na maneno yake yalikuwa yale yale, tunakusihi, tunatarajia, tungeshukuru. Mkwe amezizoea kama tulivyozoea kuvuja kwa dari. Nikawaza ngazi ya Mama. Mkwe ni mtu wa fahari, anapenda kuandikwa vizuri magazetini kwake. Akishukuriwa kwa makombora mbele ya mawaziri wake, atasema nini? Kwamba hajayatoa? Ataona haya. Atapiga simu bandarini siku hiyo hiyo.

Nikampa Bibi Lakiri ile ya shukrani. Aliishika mbali na macho, kama anavyofanya siku hizi, akauliza, "Bandari wamepiga?" Nikasema wamepiga. Huo haukuwa uongo. Akafunga, akagonga mhuri, nikachoma ile nyingine, akatazama majivu akaitikia kwa kichwa.

Bwana Nukta ana nukta zake. Mimi nina akili ya mama yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Wamerudi wakiwa na matope hadi magotini. Bwana Nukta aliniuliza nilituma ipi. Nikasema ya ombi. Nitamwambia ukweli mzigo ukifika, tucheke pamoja, kama atajua kucheka.

Jumapili, 16 Machi

Dhoruba. Simu ya bandari imekatika.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ndoo tatu sasa.

Alhamisi, 20 Machi

Mkoba umefika saa tano. Barua ya Mkwe ni fupi kuliko kawaida. Mzee alikuwa anangoja chumba cha pili, Bwana Nukta amesimama nyuma ya kiti changu, na mimi nikaanza kusoma kimya kimya kama ninavyofanya kila mara kabla ya kutafsiri.

Sentensi ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili ilisema amefurahi kupokea barua ya ndugu yake. Ya tatu ilikuwa hii, naiandika hapa kama ilivyo kwa sababu sijaiandika mahali pengine popote:

"Kwa kuwa makombora yamekwisha kuwafikia salama, kama ulivyonijulisha, nimeagiza meli iliyobaki bandarini iende kwa mshirika wetu mwingine mwenye dhiki kubwa zaidi."

Alikuwa na meli tatu katika bandari ile. Alidhani yetu ni moja ya zile mbili zilizokwisha kushusha. Wasaidizi wake nao, nani angebishana na sahihi ya mkuu wa nchi anayesema amepokea?

Bwana Nukta akasema, "Anasemaje?" Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulifunguka. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nzuri, Mkubwa. Dakika kumi nitamaliza." Nikachapa sentensi ya kwanza, nikachapa ya pili, kisha nikachapa ya nne, isemayo wao wako pamoja nasi katika saa hii ngumu. Zilikaa vizuri pamoja. Hapakuonekana pengo. Miaka kumi na sita nimejifunza kuunganisha sentensi, na leo ujuzi wote huo umenisaidia kuficha moja.

Bwana Nukta aliichukua, akaipitia kwa kalamu, akasogeza nukta moja. Mzee akasema, "Basi tungojee." Barua yenyewe nikaifungia kwenye droo yangu. Lugha ile hakuna mwingine anayeisoma.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepanga hivi. Alhamisi ijayo barua yetu itakapokwenda, nitaongeza sentensi yangu ndani ya tafsiri, kwa adabu, kwamba tafadhali meli irudishwe, kulikuwa na kosa la karani. Mzee hatajua. Mkwe atarekebisha. Wiki mbili zitakuwa zimepita, si zaidi. Daraja lipo bado.

Jumamosi, 22 Machi

Leo siendi kazini lakini sentensi imekuja nyumbani. Niko jikoni nachambua mchele, naisikia. Kwa kuwa makombora yamekwisha kuwafikia salama. Inasemwa kwa sauti ya mtu mpole, mtu aliyeshiba, asiye na haraka.

Mama ameniuliza kama nina homa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kutwa. Bwana Nukta amenipa nusu ya mkate wake. Nadhani ameona sili. Miaka sita nimekaa naye chumba kimoja na sijawahi kumuuliza kama ana watoto. Nilimuuliza leo. Akasema alikuwa naye mmoja. Kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Jumanne, 25 Machi

Kila anayepanda ngazi za jengo hili nadhani ameleta habari.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeongeza sentensi yangu. Nimeiweka katikati ya ukurasa wa pili, chini yake sahihi ya Mzee. Yeye hajawahi kusema maneno hayo. Bibi Lakiri akagonga mhuri juu ya uongo wangu mwingine, akaniambia, "Mwanangu, umekonda." Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, ila hawakusema kwamba ukiwa ndani yake haionekani mwisho.

Jumamosi, 29 Machi

Daraja limekwenda. Limechukuliwa saa mbili asubuhi, siku mbili kabla ya ile ya mhandisi.

Jumatatu, 31 Machi

Barua ya mdogo wangu ilikuwa mezani nilipoamka. Mama hajui kusoma hati yake, kwa hiyo huningoja. Nilimsomea nimesimama.

Kinyozi ameuawa tarehe ishirini na nne. Walikuwa wamemaliza makombora yao manne kabla ya saa sita mchana, na adui akasogea mpaka bonde la chini. Mdogo wangu ameandika: "Tunaambizana labda hao marafiki hawajaisoma barua ya Mzee. Mtu akisoma hali yetu hawezi kukaa kimya. Dada atakuwa anahangaika huko, najua. Mwambieni asichoke."

Mama alishika mkono wangu akaubusu. Akasema, "Usichoke, mwanangu."

Nilitembea hadi kazini bila mwavuli. Bwana Nukta alikuwa ameshaketi, viatu vimelowa. Nilifungua droo, nikaweka barua ya Mkwe mbele yake, nikasimama upande wa pili wa meza kama mwanafunzi. Nikasema, "Mkubwa, tarehe kumi na tatu nilituma ya shukrani. Na tarehe ishirini kuna sentensi niliiruka." Nikamsomea. Nikamwambia na ile niliyoipachika Alhamisi.

Hakupaza sauti. Aliweka kalamu chini, akaisawazisha na ukingo wa meza. Akaniuliza, "Leo siku ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Balozi wao anakaa mtaa wa pili kutoka hapa," akasema. "Ana redio yake, ya maneno ya siri. Haitumiki kwa barua za wakubwa, lakini kwa kosa kama hili ingetumika. Ungeniambia siku ile, jioni Mkwe angejua."

Nikasema sikuliwaza hilo.

"Najua. Uliwaza barua. Sisi wote humu tunawaza barua."

Alitoka bila koti. Nilimwona dirishani akivuka barabara kwa haraka, mtu ambaye sijawahi kumwona akiharakisha, akikanyaga madimbwi bila kuyakwepa. Alirudi baada ya saa moja na nusu. Alikuwa ameanza kwa Mzee, akamaliza kwa balozi. Amewaambia wote wawili kwamba yeye ndiye aliyechanganya bahasha kabla ya kusafiri, na yeye ndiye aliyeniambia niiruke sentensi ili wasijue.

Nikamuuliza kwa nini.

"Chumba hiki hakiwezi kukosa mtu wa lugha ile. Wa kuweka nukta wako wengi."

"Sitakubali, Mkubwa. Nakwenda kwa Mzee sasa hivi."

"Utakwenda, utafungwa, na barua ya Alhamisi ataisoma nani?" Alianza kuondoa vitu vyake mezani. "Usidhani nimekuhurumia. Sina huruma na wewe leo. Kaa chini, ufanye kazi."

Nilikaa chini.

Jumatano, 2 Aprili

Mkwe amejibu kupitia balozi. Meli imegeuzwa njiani. Itarudi bandarini baada ya siku tano.

Bwana Nukta amehamishiwa stoo ya majalada, chini ya ngazi. Meza yake imebaki hapa na ndoo pembeni yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Makombora yamo kwenye malori. Wanapita njia ya kaskazini, siku saba badala ya tatu, kama magurudumu hayatazama.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Sentensi sasa haingoji niwe peke yangu. Inakuja watu wakizungumza nami. Leo Bibi Lakiri alikuwa ananieleza habari za magoti yake na mimi naona midomo yake tu, sauti ni ya yule mpole. Kama ulivyonijulisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Kilima kimeachwa asubuhi. Malori yalikuwa yamebakiza siku mbili.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna habari.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna habari. Mama anapika chakula cha watu watatu.

Jumatatu, 21 Aprili

Hakuna habari. Nilishuka stoo kumpelekea Bwana Nukta chai. Amepanga majalada yote kwa tarehe, ukuta mzima. Tulikunywa tumesimama. Aliniuliza kama tumepata neno la mdogo wangu, nikasema bado. Akasema mwanawe alipokufa yeye alipata habari kwa karatasi iliyoandikwa vibaya, sentensi haina mwisho, na alikaa wiki nzima akidhani labda kuna ukurasa wa pili. Ndipo nilipojua kwa nini anahangaika hivi na nukta. Nikarudi juu.

Jumatatu, 28 Aprili

Yu hai. Yuko hospitali ya jeshi, mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili. Mama alikaa sakafuni akalia kwa sauti, majirani wakaja mbio wakidhani ni msiba.

Jumatatu, 5 Mei

Wamemleta nyumbani kwa gari la jeshi. Nywele zimeota, hazina mpango. Mama amewaambia watu wote wa mtaa kwamba mimi ndiye niliyeyapigania makombora yale, nimekonda hivi kwa ajili ya wale vijana. Jirani wa ngazi amekuja kunipa mkono. Mdogo wangu naye akaniambia mbele ya wageni, "Dada, ahsante. Tulijua kuna mtu wetu huko ndani."

Nilisema karibu. Neno gani tena lingetoka?

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia. Mama alikwenda sokoni. Nilimweleza tangu ngazi ya jirani hadi redio ya balozi, bila kuruka kitu. Alikuwa amelala mguu juu ya mto. Alinisikiliza akitazama dari.

"Kuanzia tarehe ngapi?"

"Ishirini. Mpaka thelathini na moja."

"Kinyozi alikuwa tarehe ishirini na nne."

"Najua."

"Siku ile ile ungesema," akasema, "wangetupigia redio kwamba mzigo unakuja. Tungejua. Kamanda wetu asingetubana makombora manne kwa siku kama anajua mengine yako njiani. Tungeyatumia yote waliposogea bondeni." Akausogeza mguu juu ya mto. "Sisi tulidhani hawajaisoma barua."

Sikulia. Niliona ningelia, angelazimika kunibembeleza, na hilo nisingeweza kulidai kwake.

Jumapili, 11 Mei

Hasemi nami. Mbele ya Mama husema "chumvi" na "ahsante". Mama anasema vita vimemnyang'anya maneno, tumpe muda.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekuwa ya rasharasha. Dari imeacha kuvuja. Nimekwenda kwa Mzee mwenyewe asubuhi, nikamwambia ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ameamuru Bwana Nukta arudishwe mezani kwake. Kuhusu mimi, nitabaki mpaka apatikane mtu mwingine wa lugha ile, kisha yatakayofuata yatafuata. Bwana Nukta alipanda ngazi na sanduku lake la kalamu, akanitazama, akasema nimefanya upumbavu. Kisha akasema, "Lakini ahsante."

Alhamisi, 15 Mei

Mdogo wangu ameniita kwa jina langu, kitu ambacho hajakifanya tangu tukiwa watoto.

"Mama yake Kinyozi ana barua ya Mzee," akasema. "Ile ya rambirambi. Mwenzangu amepita kwake, anasema ameibandika ukutani. Imeandikwa mwanawe alikufa kwa kuwa silaha zilichelewa kutokana na hali ya hewa. Uliitunga wewe?"

Nikasema tuliitunga sisi, chumbani.

"Mwandikie nyingine. Umweleze ilivyokuwa. Na safari hii uweke jina lako."

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika mara sita. Mara zote tano za kwanza nilikuta nimeilainisha. "Kutokana na kutoelewana." "Kwa bahati mbaya." Mikono hii imezoea. Ya sita ni ukurasa mmoja, na haina heshima zaidi ya salamu. Mdogo wangu ameisoma akanirudishia. Nimeandika jina langu lote, la baba na la babu.

Jumamosi, 17 Mei

Nyumba ya mama yake Kinyozi iko mwisho wa mtaa wa mafundi viatu, mlango wa bluu. Nilikuwa nimepanga kumpa barua mlangoni, niondoke. Nilibisha. Akafungua mwanamke mfupi mwenye mikono yenye unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usisimame kwenye matope."

Nikasema nimetoka Chumba cha Barua cha Mzee, nimemletea barua. Akajifuta mikono kwenye nguo yake, akanivutia kiti, akaketi karibu nami magoti yakigusana. Barua ya rambirambi ilikuwa ukutani, juu ya picha ya kijana anayecheka, nywele zake zimekatwa vizuri sana.

Nikamnyooshea bahasha. Hakuipokea.

"Mimi kusoma sijui, mwanangu. Ile ya kwanza alinisomea jirani. Nisomee wewe uliyekuja nayo."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na hakuna mwingine chumbani anayejua kilichoandikwa. Ningeweza kusoma chochote. Ningeweza kusema Mzee anakusalimu, anakukumbuka katika saa hii ngumu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga, na yangekaa vizuri. Yeye alikuwa ameshakunja mikono mapajani, ananitazama usoni kwa upole, anangoja.

Nilisoma salamu. Nilisoma jina langu na kazi yangu. Nilipofika pale paliposema kwamba tarehe ishirini Machi nilijua, na kwamba nilinyamaza siku kumi na moja kwa kujiogopea mwenyewe, na kwamba mwanawe alikufa siku ya nne ya ukimya wangu, niliishika karatasi kwa mikono miwili. Nikasoma yote.

Hakusogeza magoti yake. Nje mafundi walikuwa wakigonga viatu. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi, mahali ambapo si penyewe, akasema, "Hapo pa siku ya nne. Rudia."

Nikarudia.